Mafuta Yenye Ilivujia Ndani

Gari ya marehemu Jamali ilirudi Butembo juu ya mugongo wa kamio ya mizigo. Baliiweka nyuma ya nyumba, na miezi munane hakuna mutu aliigusa. Kuku zilitaga mule, kwenye kiti cha nyuma, na Mama Hadidja, mujane wake, aliziacha zitage.

Siku moja ya alhamisi asubuhi, Vagheni fundi alipiga hodi kwenye mulango wa lupango, batri kwenye bega, mufuko wa vyombo mukononi. Hadidja alipomuona, hakumupatia kiti. Maana huyu Vagheni njo alitengeneza frein, ni kusema breki, ya ile gari, juma moja mbele ya ajali. Alibadilisha mipira midogo ya kuzuia mafuta ya frein kwenye magurudumu yote ine. Kisha gari ikakataa kusimama kwenye muteremuko wa kwenda Beni, ikagonga ukingo wa udongo upande wa shofere. Jamali akafa palepale. Hadidja, aliyeketi pembeni yake, akavunjika muguu wa kushoto. Na Baraka, mudogo wa Jamali, siku za matanga akaenda kusema neno moja parkingini, kwa bashofere: “Fundi njo alimuua.” Neno moja tu. Lakini neno la kwenye matanga hakuna mutu anaomba ushahidi. Bashofere bakapeleka magari yao kwa bafundi bengine, na garaji ya Vagheni ikaota majani.

“Mama, sikukuja kutafuta kazi,” Vagheni akasema, bila kuketi. “Kesho ninahamia Kasugho, kwa bakwe, kulima. Muke yangu alishatangulia na vyungu. Lakini mbele ya kwenda, ninaomba nifungue hii gari, wewe ukiwa hapa. Kama ni mukono wangu ulikosa, nitaona, na wewe utaona.”

Baraka alikuwa amekaa kwenye baraza na kikombe cha chai. Akacheka cheko ya ubaya.

“Eh! Muuaji anarudi kuhesabu mifupa! Batri umeleta, na jeneza je, uliiacha wapi?”

“Niliiacha kwako, papa Baraka. Wewe njo unajuaga kuzika batu na mudomo.”

“Semeki, muke wa kaka yangu, unasikia huyu?”

“Ninasikia,” Hadidja akajibu. “Kunywa chai yako. Afungue.”

Alisema vile, lakini alitamani fundi afungue kesho, ao kesho kutwa, ao siku yenye yeye hatakuwa tena duniani.

Vagheni akafukuza kuku. Akafunga batri. Kisha akainama chini ya gari na tochi, akapita gurudumu moja moja, akipanguza na kitambaa cheupe na kukionyesha Hadidja. La kwanza, kavu. La pili, kavu. La tatu na la ine, vumbi tu.

“Mafuta ya frein ikivuja kwenye gurudumu, kitambaa kinalowana. Mipira yangu iko mizima.” Akafungua kifuniko cha motere, akaonyesha kichupa cha mafuta: chini kabisa, imebaki kidogo kama chai ya mugonjwa. “Sasa tazama. Mafuta ilienda. Chini hakuna tone. Kwenye magurudumu hakuna tone. Ilipita wapi?”

“Ulikunywa,” Baraka akasema.

Vagheni akafungua mulango wa shofere. “Mama, ingia ukae. Muguu wa kuume uko muzima, si vile? Kanyaga pedale ya frein mara ine, tano hivi, motere ikiwa imezimwa. Kisha ushikilie, hapana toa muguu.”

Kiti cha Jamali kilikuwa bado na shimo yenye mwili wake ulichimba miaka yote ile. Hadidja akaingia mule polepole. Akakanyaga, akashikilia. Vagheni akawasha motere. Ikakohoa mara mbili, ikakubali, na nyuma ikatoka moshi nyeupe.

“Pedale ikiwa nzima, motere ikiwaka inashuka kidogo chini ya muguu, inakuwa laini. Inashuka?”

Haikushuka. Ilikuwa ngumu kama jiwe la kusagia. Hadidja akasukuma na nguvu yake yote, akashika usukani na mikono miwili, na pedale ikakaa palepale. Njo akajua Jamali alikuwa anasukuma nini siku ile. Alimuona tena, mishipa ya shingo imevimba, akiita jina la Mungu, na yeye pembeni akimupigia kelele, “Simamisha! Simamisha!” sawa vile mutu anamupigia kelele mutu muvivu.

“Toka, mama,” Vagheni akasema polepole. “Inatosha.”

Akazima motere. Nyuma ya motere kuna kitu cha chuma, nyeusi, cha muviringo kama sufuria yenye imefunikwa. Bafundi banakiitaka servo. Njo kinasaidia muguu wa shofere. Vagheni akafungua bulon mbili, akavuta kipande cha mbele yake. Na mule ndani ya servo, kwenye haifai kuwa hata tone, mafuta ikamwangika, nyeusi, mingi, ikatiririka mpaka kwenye udongo.

Hata Baraka akasimama.

“Njo hii,” Vagheni akasema. “Ilikuwa inavujia ndani. Mupira wa mule ukaoza, servo ikakufa. Njo maana pedale iligoma, njo maana moshi ilikuwa nyeupe. Mimi niliitiwa magurudumu, nikatengeneza magurudumu. Lakini hii haikuanza siku moja. Kichupa kilikuwa kinashuka kila siku. Mutu alikuwa anaongeza.”

“Nani ataongeza?” Baraka akauliza. “Unatunga.”

Hadidja akaegemea mulango wa gari.

“Jamali,” akasema. “Kila asubuhi. Mimi njo nilikuwa ninamupatia chupa, iko chini ya kiti. Nilizani ni sawa kuongeza maji kwenye mutungi.”

Akapanguza midomo na ncha ya kikwembe.

“Na siku ile... Asma, mudogo wangu, alikufa usiku kule Beni, kwenye mutaa wa Mulekera. Walisema atazikwa mbele ya salat ya azuhuri. Jamali alitoka inje, akakanyaga pedale, akarudi akaniambia: ‘Leo pedale iko ngumu sana. Wacha nipitie kwa Vagheni kwanza.’ Nikamuambia: ‘Maiti haingojaka fundi. Asma atazikwa bila miye? Ao wewe njo hutaki nimuone?’ Jamali akachukua ufunguo. Hakunijibu. Hakuwa mutu wa kunijibu.”

“Semeki!” Baraka akashika kichwa. “Miezi munane! Nilisema yale maneno mbele ya parkingi nzima, na wewe ulikuwa unasikia habari!”

“Nilikuwa ninasikia. Niliona heri kosa iwe ya mutu mwengine. Na Asma alizikwa bila miye, hivyo hivyo.”

Baraka akaweka kikombe chini, akaenda, hakuaga mutu.

Vagheni alikuwa amepiga magoti, anarudisha bulon moja moja, anazikaza. Gari ile haitatembea tena, lakini fundi haachaka gari wazi. Hadidja akamutazama ile mikono. Akakumbuka siku ya mazishi ya Jamali. Mbele ya kumubeba, mwalimu wa musikiti aliuliza batu, sawa desturi inataka: nani ako na neno na huyu marehemu, aseme, ao amusamehe. Vagheni alikuwa amesimama kule mulangoni, mukristo mumoja kati ya batu ba kanzu, kofia mukononi. Akafungua kinywa. Baraka na bavijana bakamusukuma inje.

“Siku ile ulitaka kusema nini?” Hadidja akauliza.

“Nilitaka kusema hakuja kwangu mbele ya safari. Kama angekuja, ningemushikilia na nguvu.”

Hadidja akasimama wima, akiegemea fimbo yake, akafunika kichwa vizuri.

“Basi ninauliza tena. Vagheni, uko na neno na Jamali?”

Fundi akakaza bulon ya mwisho. Machozi ilikuwa inashuka kwenye ndevu zake, hakuipanguza, maana mikono ilikuwa na mafuta.

“Sina neno. Nilishamusamehe.”

“Na miye je?”

Vagheni akakusanya vyombo vyake. Akafungua batri, akaiweka kwenye bega. Kuku zikaanza kurudi ndani ya gari.

“Wewe, mama, unipatie muda.”

“Na ukibaki? Kesho nitaenda parkingi, nitasema mbele ya bote.”

“Enda useme. Lakini muke yangu alishapanda maharagi kule.”

Akatoka. Hadidja hakungoja kesho. Akachukua ile chupa chini ya kiti cha Jamali, ilikuwa imebaki nusu, akashika njia ya parkingi, akivuta muguu wake, akipumuzika kwenye kila pembe ya barabara. Bashofere bakamuona anakuja, bakainuka bakamupa kiti. Akakataa kukaa.