Mlango wa Kufunguliwa kwa Nje

Gari lile lilikuwa na kasoro tatu, na fundi gereji alinitajia zote bila kuficha, akizihesabu kwa vidole vyenye grisi. Ya kwanza, mlango wa kushoto ulichomelewa na mwenye gari wa zamani baada ya kugonga nguzo, haufunguki tena mpaka kiama. Ya pili, mlango wa kulia hauna kitasa kwa ndani. Ukitaka kutoka unashusha kioo, unatoa mkono, unajifungulia kwa nje. Ya tatu, paa. Paa lilikuwa la kitambaa, la kukunja nyuma ya viti, na lilikuwa limechanika kiasi kwamba ungeweza kumsalimia jirani kupitia humo.

"Injini je?" nikamuuliza.

"Injini nzima. Hili lilikuwa gari la mashindano ujanani mwake."

"Sasa mbona limekaa hapa miaka yote hii?"

"Viti viwili, mama. Nani atalinunua? Kila mtu ana mama mkwe."

Nikacheka, kisha nikakumbuka kwamba hata mimi ninaye.

Nililinunua kwa bei ambayo wengine hununulia pikipiki. Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa lori na alinifundisha kuendesha kabla hajanifundisha kupika, kwa hiyo leseni nilikuwa nayo, nimeihifadhi kwenye Biblia kama ua lililokauka.

Sikulinunua kwa anasa. Nilikuwa nasoma masomo ya jioni. Shule niliiacha kidato cha pili, na nilipoolewa na kujifungua nikaona bora nianze tena kabla akili haijaota kutu. Darasa letu likahamishiwa ng'ambo ya pili ya mji, kwenye jengo la mafunzo ya useremala, na basi la mwisho lilikuwa linaondoka kabla mwalimu hajafuta ubao. Mara mbili nilirudi kwa miguu, mtoto mgongoni. Mara ya tatu sikwenda kabisa.

Nyumbani tulikuwa wanne katika vyumba viwili. Mume wangu ni mlinzi wa ghala. Usiku kucha anazunguka na rungu akijaribu makufuli, asubuhi anarudi, analala hadi saa tisa mchana, na wakati huo hata kuku wa jirani huwika kwa adabu. Mimi ni fundi cherehani, na cherehani si kitu cha kunong'ona. Basi nilikuwa nasubiri aamke ndipo nishone. Akishatoka kwenda kazini ningetoka na mimi, lakini nimwache mtoto na nani? Mama mkwe alishatoa hukumu yake.

"Mimi nililea wangu," alisema. "Jioni ni yangu na Mungu."

Mwanangu alikuwa na miaka minne. Tunamwita Bosi, kwa sababu ndiye anayeamua tule nini.

Mume wangu alipoliona gari alilizunguka mara mbili, kama anavyozunguka ghala. Hakugomba. Ni mtu wa sauti ya chini.

"Nitakaa wapi mimi?" akauliza.

"Wewe una baiskeli."

Mama mkwe akadakia kutoka mlangoni. "Viti viwili. Gari la mtu asiye na ndugu."

"Mama, hilo ni la shule tu," nikamjibu.

"Hata likiwa la harusi. Nikiugua mtanipakia wapi, kwenye buti?"

Mume wangu akaingiza mkono, akapapasa pale kitasa kilipotakiwa kuwa. "Hiki nitakitengeneza Jumapili," akasema. Halafu, kwa sauti ileile ya chini: "Mke wangu, kasome. Lakini sikiliza. Siku gari hili litakapokulaza njiani na mtoto, masomo yamekwisha. Sitaki tuje tugombane, ndiyo maana nasema mapema."

Nikakubali. Ningefanyaje? Na Jumapili yake ilikuwa ya kalenda gani, sikuijua, maana zilipita tisa.

Lakini nisiseme uongo, miezi ile ya kiangazi nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata ndani ya nyumba. Tulikuwa tunakaa chini sana, magurudumu ya malori yanapita usawa wa masikio yetu, na Bosi, kwenye mto wake na mkanda kifuani, alisalimia magoti ya watu barabara nzima. Upepo ulinivua kilemba siku ya kwanza, siku ya pili nikakifunga vizuri. Kwenye taa nyekundu wanaume walitutania.

"Dada, nusu nyingine umeiacha wapi?"

"Inakuja kesho," nikawa najibu.

Tukifika shuleni kulikuwa na sherehe ndogo. Bosi alifungua mkanda, akapanda kiti, akajiviringisha kupitia juu hadi chini, akazunguka kwa mbio na kushika kitasa cha nje kwa mikono yote miwili. Ole wangu nijifungulie mwenyewe.

"Usifungue, mama. Nifungue mimi."

Nikawa nakaa mikono mapajani, nikisikiliza kile kitasa kikihangaika, na siku nyingine nikichelewa nilikuwa namfokea. Namwomba radhi hapa, ingawa hajui kusoma.

Mawingu yalipoanza kujikusanya nikajua siku za paa kuwa wazi zimekwisha. Nilitafuta kitambaa, kila kinachofaa kilikuwa ghali. Usiku mmoja, bila kuombwa, mama mkwe akafungua sanduku lake na kutoa turubai la pamba, jipya, limekunjwa vilevile lilivyotoka dukani. Baba mkwe alilinunua kufunikia meza yake ya sokoni, akafa kabla hajalitandaza.

"Usilikate ovyo," akaniambia. "Wala usinishukuru. Linachukua nafasi tu."

Nikalishona kama sijawahi kushona kitu. Nililitandaza juu ya vyuma vya paa, nikalibana kwa pini, nikalifuata kila pindo kama gauni la bibi harusi, bila kuacha hata upana wa kidole wa ziada. Mshono wa mara mbili kila upande. Kila fundi cherehani anajua kwamba kitambaa cha pamba hulowekwa kwanza, kikauke, ndipo kikatwe. Gauni ningeliloweka. Kanga ningeiloweka. Lakini hili lilikuwa paa la gari, na nani anafua gari lake? Sikulifikiria kabisa.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku, kesho yake jua likawaka. Mchana tukakuta paa limekaza kama ngoma. Mama mkwe akaligonga kwa kidole, likalia.

"Limekaa," akasema.

Kutoka kwake, hiyo ni hotuba. Nikatembea mchana ule wote nikiwa nimejaa fahari.

Jioni ile ilikuwa ya mtihani wa kupanda darasa. Mwalimu alishatuonya: ukichelewa zaidi ya nusu saa mlango unafungwa, tutaonana mwakani. Mume wangu alikuwa ameshatoka kwenda kazini mapema. Nikamwingiza Bosi kwa upande wangu, akapanda juu ya gia hadi kwenye kiti chake, nikaingia. Mlango haukutaka kufunga. Nikaubamiza, ukakataa, nikaubamiza tena kwa nguvu zote. Mara ya tatu ukaingia, na kioo kikakwama chini ya ukingo wa paa kwa sauti ya jino linapouma mfupa. Sikujali. Mvua ilikuwa imeanza na nilifurahi kwamba hakuna tone linaloingia.

Tulifika zikiwa zimebaki dakika kumi. Uwanja ulikuwa mtupu, wote wameshakimbilia ndani. Nikashika mkono wa kushushia kioo, nikazungusha. Kioo hakikusogea. Nikazungusha kwa mikono miwili, na mkono ule ukang'oka, ukabaki kiganjani mwangu kama mfupa wa kuku.

Nikasema, si neno, nitafungua paa. Kuna vibanio viwili vinavyolishikilia paa juu ya kioo cha mbele. Turubai lilikuwa limevivuta hata vidole vyangu havikuweza kuvitikisa. Nikausukuma mlango kwa bega. Nikaupiga teke, kadiri mtu anavyoweza kupiga teke akiwa amekaa. Nikabonyeza honi, ikakohoa mara moja kama mgonjwa anayeomba maji, ikanyamaza. Ng'ambo ya uwanja niliona dirisha la darasa letu lina mwanga, na vichwa vimeinama. Walikuwa wameanza.

Wenzangu nisingeweza kuwapigia, simu zote hukusanywa mlangoni. Mlinzi wa shule alikuwa kwenye kibanda chake mbali, chini ya bati linalopigwa na mvua. Mume wangu angekuja. Ghala lake lilikuwa dakika kumi na tano kwa baiskeli, angemwomba mwenzake amshikie zamu, angenifungulia bila neno baya, angetusindikiza nyumbani. Na masomo yangekuwa yamekwisha, bila ugomvi, kama tulivyokubaliana.

Nikaweka kidole juu ya namba yake. Vioo vilikuwa vimeshajaa ukungu wa pumzi zetu.

"Mama, tumefungiwa?"

"Hatujafungiwa. Tunasubiri."

"Tunamsubiri nani?"

Nikatafuta jibu. Nilikuwa nimesubiri baba yake aamke, nimesubiri bibi yake akubali, nimesubiri Jumapili tisa. Nikaiweka simu kwenye kiti.

Kwenye mkoba wa fundi cherehani wembe haukosekani. Mwanzoni nilitaka kufumua, uzi mmoja mmoja, ili turubai la marehemu lisidhurike. Nikatafuta mshono wa upande wa Bosi, nikaanza. Nikafumua, nikafumua, na baada ya dakika kadhaa nilikuwa nimepata tundu la kupitisha sindano. Sijawahi kujilaumu kwa kushona vizuri isipokuwa siku ile. Saa ya simu ilionyesha dakika kumi na sita tangu waanze.

"Samahani, baba," nikamwambia mtu ambaye sikuwahi kukutana naye. Nikachoma wembe pembeni kabisa ya mshono na kuuvuta chini, wima, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mvua ikaingia.

"Bosi, unakumbuka kazi yako?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama anakumbuka jina lake. Nikamwinua, nikampitisha kwenye ule mpasuko miguu kwanza, nikamshika mikono hadi nilipohisi amefika chini. Nikaachia. Nikasikia kishindo laini, kisha sikusikia kitu. Kupitia ukungu sikuona hata kivuli. Nikamwita. Mvua tu. Mama mwenye mtoto anajua sekunde kama zile zina urefu gani.

Halafu kitasa kikaanza kuhangaika ubavuni kwangu.

"Usifungue, mama," sauti ikasema kutoka nje. "Nifungue mimi."

Mara ya kwanza akashindwa. Ya pili pia. Nikaweka mikono mapajani. Ya tatu nikasukuma kwa bega na yeye akavuta, na mlango ukaachia ghafla kiasi kwamba nilimwangukia nusu.

Mwalimu alitazama saa ya ukutani, akatutazama sisi, maji yakitiririka sakafuni.

"Dakika ishirini na saba," akasema, akanipa karatasi. Bosi akapewa chaki na ubao mdogo, akakaa nyuma. Maswali mawili ya mwisho sikuyafikia. Mengine niliyajibu.

Asubuhi nilimkuta mama mkwe ameshafika kwenye gari. Alikuwa ameingiza mkono kwenye mpasuko hadi kwenye kiwiko.

"Wembe," akasema.

"Ndiyo, mama. Tulikuwa tumekwama ndani. Ilikuwa hivyo au nikose mtihani."

Akapitisha kidole kwenye ukingo wote, taratibu. Nilikuwa tayari kwa lolote.

"Umekata wima, kando ya mshono," akasema. "Hujakata ovyo." Kisha akanigeukia. "Wewe ni fundi cherehani au muuza samaki? Pamba hulowekwa kwanza. Hata mimi nisiyejua kuvalisha mto najua."

Akaenda kuleta beseni la vipande vya turubai vilivyobaki, akavimwagia maji. Tulikuwa bado tumeinama pale mume wangu alipoingia na baiskeli. Alitazama paa, akatazama mkono wa kioo uliong'oka, umelala juu ya boneti, na nikaona anapanga habari yote mwenyewe, kama mlinzi anavyosoma nyayo.

"Lilikulaza njiani?" akauliza.

"Hapana. Tulirudi saa ileile ya kila siku. Lilinifungia uwanjani, na nusura niukose ule mtihani." Nikavuta pumzi. "Mlango hauna kitasa kwa ndani. Nilikuwa na mtoto."

Yeye aliyejaribu makufuli ya watu usiku kucha akauangalia mlango wa mke wake. Mama yake, bila kuinua kichwa kutoka kwenye beseni, akasema, "Leo siku gani?"

"Jumanne, mama."

"Nilidhani Jumapili."

Hakwenda kulala. Alileta bisibisi na kipande cha chuma cha baiskeli kuukuu, akaingia, akajifungia humo akiwa na viatu vya kazi bado miguuni. Kwa saa nzima tulisikia akigonga na kunung'unika. Mimi nilikuwa nashona, saa nne asubuhi, cherehani ikinguruma uani, na hakuna aliyeninyamazisha.

Hatimaye pakasikika mlio mdogo wa chuma kukaa mahali pake. Mlango ukatikisika, tayari kufunguka kutoka ndani.

Bosi alikuwa ameshasimama pale nje, ameshika kitasa kwa mikono miwili.

"Usifungue, baba," akasema. "Nifungue mimi."

Kupitia mpasuko nilimwona mume wangu akiondoa mkono wake. Akauweka pajani, na mwingine juu yake, akasubiri.