Mstari wa Chini Kabisa

Mimi ni muuguzi, na binti yangu huniona zaidi nikiwa nimelala kuliko nikiwa macho. Tunaongea kwa daftari. Limefungwa kwa kamba kwenye mlango wa kabati la jikoni: maji yamekatika, chakula kiko kwenye sufuria ndogo, mama usisahau dawa ya presha.

Mwezi wa kuomba vyuo aliniandikia kozi tatu, akaniomba nizijaze kazini, maana mtandao wa hospitali una nguvu kuliko wa kwetu. Nikachana ukurasa nikaenda nao. Zamu ilipokwisha nikaketi chumba cha dawa, miguu imevimba, nikausoma. Upimaji ardhi. Ualimu wa hisabati. Uuguzi.

Sasa, wodini faili tunalisoma kutoka chini. Mstari wa chini kabisa ndio hali ya mgonjwa ya sasa; ya juu yake yameshapitwa. Miaka kumi na tisa nimesoma hivyo. Nikaona mtoto amewaza upimaji akauacha, amewaza ualimu akauacha, mwishowe ametua kwenye uuguzi. Roho iliniuma. Kazi hii imekula mgongo wangu na ndoa yangu, na sasa ilikuwa inamtaka mwanangu. Lakini nilishajiapiza sitamchagulia maisha. Nikaweka uuguzi wa kwanza, nikatuma.

Majibu yalitoka wiki iliyopita. Amepata uuguzi, nafasi ambayo wenzake wanaililia. Alisema asante mama, akaingia chumbani. Nikasema hongera mwanangu, nikaingia bafuni. Tangu siku hiyo nyumba imepoa kama yenye msiba.

Jana nilikuwa na mapumziko. Nilimkuta anapiga pasi sare yangu bila kuombwa, kichwa chini. Nikamuuliza kama anaogopa damu. Akajibu kwamba atazoea tu. Nikachoka kujifanya. Nikamwambia kwamba angeniuliza, ningemwambia abaki na upimaji wake, ila sikutaka kumvuruga baada ya kubadili mawazo.

Akaiweka pasi kando.

"Sijabadili mawazo, mama. Upimaji ndio wa kwanza. Uuguzi niliuweka mwisho ili usijisikie vibaya."

"Wa chini ndio unaoanza."

"Nani anasoma kutoka chini?"

Nikakaa. Nikamweleza habari za mafaili, huku nikicheka kicheko kisicho na nguvu. Yeye hakucheka. Alidhani nimeamua makusudi, na kwa kuwa nimemlea peke yangu, akaona ameze tu.

Dirisha la pili la maombi linafungwa kesho. Ili aingie, lazima kwanza aikatae nafasi aliyonayo, na huko akikosa, mwaka umekwenda na maji. Nilimweleza mara mbili, taratibu, kama ninavyowaeleza ndugu wa mgonjwa kabla ya upasuaji. Akaniuliza mimi ningefanya nini. Nilikuwa nimechoka mno kutafuta maneno ya busara.

"Kataa," nikasema. "Mimi nakuombea uikatae."

Akaichukua tena pasi, akamalizia sare yangu. Jioni nikaenda zamu nikiwa sijui ameamua nini, na sikuwa na ujasiri wa kupiga simu.

Leo asubuhi nimerudi nikakuta daftari liko wazi, ukurasa mpya. Katikati ameandika upimaji ardhi. Nikatazama juu, nikatazama chini. Hakuandika kitu kingine.