Rufaa ya Nyumba Isiyopungukiwa

Zef Gjokaj alikuwa na ugonjwa ambao hakuna bima inayokubali kuulipia: mgeni akiingia, Zef hawezi kukiri kwamba nyumbani kwake kuna kilichopungua. Ndivyo walivyolelewa Waalbania wa milimani, na miaka thelathini ya kuishi ughaibuni, Bronx, haikumbadilisha hata chembe. Bomba lingepasuka jikoni, mgeni angeambiwa kwamba hapa maji ni ya kumwaga.

Basi siku nesi wa kampuni ya bima alipokuja kumpima mama yake, mkewe Mrika alimwomba jambo moja tu. Mama Dila alikuwa na miaka themanini na minane, na tangu apigwe na kiharusi hakuweza kusimama.

"Mwambie ukweli, Zef. Mwambie yule msaidizi akishaondoka saa sita mchana, nabaki peke yangu na mama mpaka kesho yake. Daktari kasema mgongo wangu unahitaji upasuaji. Nani atamnyanyua nikilazwa?"

Bima ilikuwa inawapa msaidizi kwa saa nne kwa siku. Wao waliomba kumi na mbili.

Zef akaitikia vizuri kabisa. Nesi akaingia, akawekewa mkate wao wa jibini, byrek, kahawa, na kikombe kidogo cha pombe yao kali, raki, saa tatu asubuhi, mtoto wa watu yuko kazini! Kisha Zef akapiga kifua. "Dada, hapa mama hapungukiwi na kitu! Kwetu mzee haachiwi watu baki. Tunamwangalia sisi wenyewe, usiku na mchana, kwa moyo mkunjufu!"

Sisi! Haki ya Mungu, huyo mwanamume alikuwa hajawahi kumvisha mama yake hata soksi. Mrika alikuwa bafuni akifua mashuka ya asubuhi, akayasikia yote, na akajikaza asitoke na ndoo.

Wiki mbili baadaye barua ikaja. Ombi limekataliwa, kwa sababu familia inatoa huduma "usiku na mchana, kwa moyo mkunjufu". Neno kwa neno! Wamekula byrek yake, wakamfunga kwa ulimi wake mwenyewe. Hata kwenda choo kulipimiwa muda: dakika nane, kana kwamba Mama Dila huenda kuchungulia tu na kurudi.

Mrika akaichukua barua mpaka ofisi ya msaada wa sheria. Mwanamke wa pale akaisoma, akavua miwani. "Mama, kateni rufaa. Msaada wa ndugu unahesabiwa pale tu ndugu wenyewe wanapokuwa radhi kuutoa. Hakimu atawauliza. Semeni hamko radhi, basi."

Zef aliposimuliwa, akaruka. "Niseme simtaki mama yangu? Mbele ya serikali? Bora nife!"

"Hufi wewe," Mrika akamjibu. "Anayekufa hapa ni mimi."

Rufaa ilisikilizwa kwa simu, Jumanne asubuhi. Simu waliiweka kando ya kitanda cha Mama Dila. Hakimu alikuwa mwanamke wa sauti ya taratibu, na kulikuwa na bwana mmoja wa bima. Kulikuwa pia na mkalimani wa Mama Dila, na balaa lenyewe ndilo hilo: kwa lafudhi tu Zef alimjua kuwa ni mtu wa kwao kabisa, wa milimani. Akaanza kuliona kanisa zima Jumapili likimsengenya. Akajinyoosha kola, na hiyo ni simu tu.

Bwana wa bima akaanza kwa kuyasoma maneno ya Zef, pole pole, akiyafurahia.

"Ni kweli, Bwana Gjokaj?" hakimu akauliza.

Mrika akamkazia mumewe macho. Zef akaiinamia simu. "Mheshimiwa, sisi si watu wa kumtupa mama."

"Hakuna aliyesema mmemtupa. Mchana, nani anambadilisha nepi?"

"Sisi."

"Nieleze basi. Unaanza kwa kumgeuzia upande gani?"

Zef akakitazama kitanda kama amekikuta kwenye nyumba ya jirani. "Wa... kulia."

"Huo ndio uliopooza, mpumbavu wewe," Mama Dila akasema kwa Kialbania, na mkalimani akatafsiri bila kuacha neno.

"Dawa za jioni anakunywa saa ngapi?"

"Jioni," Zef akajibu.

Hakimu akamshukuru. "Na wewe, Bibi Mrika? Uko radhi kuendelea na kazi hii?"

Mrika alikuwa amejiandaa kusema hawezi. Ukisema huwezi, lawama inabebwa na mgongo, na wewe unabaki mtu mwema. Lakini hakuulizwa kama anaweza. Mama mkwe alikuwa anamtazama, na Mrika aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Hapana," akasema. "Siko radhi. Mwaka wa sita huu siko radhi. Namnyanyua kwa sababu hakuna mwingine, na siku nyingine akiniita namchukia. Sitaki tena."

"Umetuvua nguo," Zef akanong'ona.

Bwana wa bima akakohoa. "Mheshimiwa, hata hivyo kazi inafanyika..."

"Umemsikia alivyosema," hakimu akamkata. "Mama Dila, una la kuongeza?"

"Ninalo. Huyu akininyanyua analia. Anadhani nimepooza na masikio pia. Nyie mnajua kunyanyuliwa na mtu anayelia? Kila siku nakaza mkojo mpaka tumbo linauma, nimpunguzie mara moja tu. Nileteeni mtu wa mshahara. Na huyo mwanangu, nilimlea mwenyewe, kosa ni langu. Liandikeni."

Safari hii mkalimani alitafsiri kwa sauti ya chini. Mrika akaushika mkono wa mama mkwe.

Mwezi haukuisha, uamuzi ukatoka: saa kumi na mbili kwa siku, bima ipende isipende. Zef akaubeba uamuzi huo mpaka mgahawani kwa Waalbania wenzake. "Nimewabwaga! Mimi na hakimu, uso kwa uso!" Wakampigia makofi, akaagiza raki.

Aliporudi, alimkuta Mrika anaongea na hospitali. Alikuwa ameshapewa siku ya upasuaji. "Wiki sita," akamwambia mumewe, akiweka simu chini. "Hata sufuria sitanyanyua."

Ile furaha yote ikamyeyuka Zef usoni. "Wiki sita! Sawa, mama kapata mtu wake. Na mimi je? Chakula changu? Mashati yangu? Mimi nitaangaliwa na nani?"

Mrika hakuwahi hata kufungua kinywa. Sauti ilitoka chumbani, kavu, kwa Kialbania safi.

"Mwambie akate rufaa!"