Ua Juu ya Mlango wa Bi Garrod

"Jiwe hilo juu ya mlango wako lina miaka mingapi, Bi Garrod?"

Ndivyo alivyouliza jirani yake, Bwana Tolley, siku moja ya Aprili, daftari mkononi. Winifred Garrod alikuwa akisugua kizingiti. Alijibu kwamba lilikuwepo kabla yeye Tolley hajahamia kijijini. Hakusema uongo, lakini kweli hakuisema, na tangu siku hiyo hakuweza kusali kwa amani.

Jiwe lilichongwa ua la petali sita ndani ya duara, alama waliyoiweka watu wa kale milangoni kuzuia wachawi. Tolley, katibu wa chama cha historia, alitoa kijitabu cha majengo ya kale ya kijiji. Nyumba ya Winifred ikawa namba tisa, baada ya karakana ya mhunzi na daraja: ua la miaka mia nne. Jumapili wageni walisimama langoni wakinyoosha vidole. Kwenye chai ya akina mama Bi Prewett alimtania, ikiwa jiwe hilo lazuia wachawi, mama mkwe wa Winifred alipitaje miaka yote ile? Wakacheka. Winifred naye akacheka.

Septemba chama kikaamua jiwe ling'olewe kabla baridi kali haijalipasua, likawekwe kanisani ndani ya kioo. Jumatatu asubuhi Tolley akaja na ngazi yake na patasi. Winifred akamkaribisha jikoni, akammiminia chai, akakaa.

"Ua hilo alilichonga Percy," alisema.

Marehemu mumewe alikuwa mwashi, ndiye aliyekarabati mnara wa kanisa. Tolley akatabasamu, akamweleza kwa upole kwamba wenye ujuzi wamelitazama, ni jiwe la kale.

"Jiwe ni la kale, ndiyo. Lilitolewa kwenye ukuta wa kanisa, likatupwa. Ua lina miaka thelathini na minne. Mtoto wetu alizaliwa hana uhai. Wauguzi wakamfunga shuka, wakaondoka naye. Uso sikuonyeshwa, kaburi sikuambiwa. Siku zile mtu hakuuliza. Percy akarudi nyumbani, akachukua bikari yake ya kuchorea duara, akalichonga ua hilo."

Tolley alikitazama kikombe. "Mbona hukuniambia, Bi Winifred?"

"Ungeandika kitabuni."

Tolley akakisogeza kikombe kando.

"Mungu anisamehe kwa kunyamaza," alisema Winifred. "Lakini sina kaburi lingine, Bwana Tolley. Nikitoka napita chini yake, nikirudi napita chini yake. Mkilipeleka kanisani, wageni watasoma habari za wachawi juu ya mwanangu."

Tolley akatoa kijitabu mfukoni, akafungua namba tisa, akaikata kwa mstari mmoja mrefu wa kalamu. Akakiacha mezani kando ya chai ambayo hakuinywa. Akaifunga patasi katika kitambaa chake, akaivua kofia alipofika chini ya jiwe, akatoka, akaibeba ngazi begani.