Kisirani na Moto Usioonekana

Kiwandani wote walimwita Kisirani. Jina hilo alibandikwa na kaka yake walipokuwa watoto, kwa sababu akishasema la, hata ungemning'iniza kichwa chini miguu juu hasemi ndiyo. Baba yao alipofariki aliwaachia wote wawili kiwanda cha chupa, pamoja na tanuri lililobugia mafuta mazito na kutema masizi mpaka majirani wakaacha kuanika nguo nyeupe.

Dada mtu, Kisirani, alikuwa amesomea uhandisi. Akatandaza paneli za sola paa zima, akaleta mashine ya kupasua maji kwa umeme ili apate gesi ya haidrojeni ya kuchoma tanurini.

"Ukiichoma inageuka mvuke wa maji," alimwambia kaka yake. "Hakuna moshi, hakuna masizi."

"Na ikilipuka?"

"Kwani mafuta hayalipuki?"

Kaka alikubali shingo upande: kichomeo kimoja tu, vingine vibaki na mafuta.

Siku ya kwanza ilikuwa balaa tupu. Fundi wa tanuri, mtu mzima aliyezeekea pale pale mbele ya moto, alifungua koki akaona patupu. Alikuwa ameshaambiwa kwamba mwali wa haidrojeni mchana hauonekani, lakini macho yana mazoea yao, akainama kuchungulia. Aliporuka nyuma, nyusi zote mbili zilikuwa zimekwenda na maji. Halafu ule mvuke ukakitia kioo povu, chupa zikatoka na mapovu utadhani zimeshajazwa soda. Kesho yake mawingu yakatanda, gesi ikakata kabisa.

"Basi!" kaka akafoka. "Umenichomea fundi, umeniharibia chupa, na sasa tunangoja jua kama mijusi! Hiyo mashine inaondoka."

Hakuwa anatania. Asubuhi iliyofuata lori liliingia uani kuja kuibeba. Kisirani akavuta kiti, akakiweka mlangoni mwa chumba cha mashine, akakaa na kukunja nne.

"Ondoka hapo, dada."

"Siondoki."

"Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Wabebe mashine, wanibebe na mimi."

Alijua kaka hasemi uongo: mapovu yalikuwa kweli, mawingu yalikuwa kweli. Hilo ndilo lililomkera zaidi, kwamba kaka alitaka kukitupa kitu kwa sababu tu hakijakomaa.

Kaka akamgeukia fundi wa tanuri, akijua hapo amepata shahidi. "Hebu mwambie wewe mzee wangu. Onyesha uso."

Fundi akajipapasa pale nyusi zilipokuwa. Akakohoa kile kikohozi chake kirefu ambacho kiwanda kizima kilikizoea.

"Nyusi zinaota, bosi," akasema. "Mapafu hayaoti."

Wapakiaji wa lori wakaangalia chini. Kaka akampungia dereva mkono aondoke. "Lakini chupa zikitoka tena na mapovu," akamwonya dada yake, "naibomoa kwa mikono yangu."

"Bomoa. Kwanza nipe nafasi ya kufanya kazi."

Alifanya kazi kama punda. Akafunga king'ora kinacholia mara moja moto unaposhika, mtu asihitaji kuchungulia. Akachanganya haidrojeni na mafuta kwenye kile kichomeo, akapanua njia ya mvuke kutoka. Chupa za mwanzo bado zilikuwa na mapovu, akazivunja mwenyewe kwa hasira na kuzirudisha tanurini. Zilizofuata zikawa nafuu. Hatimaye zikatoka safi, na kaka akazigeuzageuza kwenye mwanga akitafuta kasoro, akaikosa, akaenda zake.

Lakini jua halikuwa limetia saini mkataba na mtu. Mvua zilipoanza, Kisirani alilazimika kukifungulia kile kichomeo mafuta matupu kwa mkono wake mwenyewe, huku akiyatukana.

Mvua haijaisha, kaka akamkuta uani na mafundi wanaojenga msingi wa zege.

"Hiki nini tena?"

"Msingi wa tangi. Kukiwa na jua tunahifadhi gesi, kukiwa na wingu tunachoma."

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna."

Kaka alishika kiuno, akaangalia zege, akamwangalia dada yake aliyelowa chapachapa.

"Sogezeni kidogo kushoto," akawaambia mafundi kwa sauti ya kununa. "Hapo mtaniziba geti."

"Haliwezi kusogea," akasema Kisirani. "Lazima likae mbali na tanuri. Hamisha geti."