Benchi la Nje ya Mlango

Jumatano saa sita mchana king'ora cha kutahadharisha kimbunga mjini Carden, Mississippi, kililia kwa majaribio kama kila Jumatano. Verlene Tadlock akaweka mkate wa mahindi mezani, akatoka barazani kuwatazama wafu wakipita.

Walipita mbio. Mbele Bi Ouida, jirani, na rola zake za nywele. Nyuma kabisa Hoyt, mume wa Verlene, na kiatu kimoja. Walikata uwanja wa kanisa hadi kwenye mlango wa chumba cha chini ya ardhi, wakaugonga. Ulikuwa umefungwa, kama ulivyofungwa Aprili ile ya kimbunga. King'ora kiliponyamaza, wakatoweka.

Aprili ile kimbunga kilikuja Jumatano, saa sita hiyo hiyo. Sasa nani Carden angekimbia king'ora cha Jumatano? Hoyt aliinuka, Verlene akamwambia akae ale, majaribio tu hayo. Anga lilipogeuka kijani, rangi ya kimbunga, wenye nyumba za matofali waliteremka kwenye mashimo yao ya kujikinga, na wenye nyumba za bati wakakimbilia kanisani, wakafia mlangoni. Verlene, kwa goti lake bovu, alijilaza ndani ya hodhi la kuogea, akapona.

Basi akamwendea shemasi Lamar Stegall, mshika ufunguo, kumsihi mlango uachwe wazi. Vimbunga siku hizi havingoji Aprili, vinakuja hata Desemba. Shemasi alimsikiliza kwa adabu zote. Zulia ni jipya, alisema, na watu wa nyumba za bati huja na mbwa.

"Lamar, mume wangu anagonga mlango wako kila wiki."

"Nasikia, Bi Verlene. Hata wanakwaya wanalalamika."

Kamati ya kanisa ikakaa, ikasali, ikaamua. Wala si watu wa roho mbaya. Ukifiwa watakujazia jikoni mabakuli ya kuku na wali hadi ukose pa kuyaweka. Waliona aibu wafu kusimama juani, wakawawekea benchi zuri la mwaloni nje ya mlango, na jagi la chai baridi yenye sukari. Wafu wakaacha kugonga, wakawa wanakaa. Kwaya ikatulia. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na Verlene alizidi kuwachukia wanakamati wote.

Jumatano moja ya Novemba king'ora kililia, kikaendelea kulia. Kusini magharibi anga lilikuwa kijani. Verlene alizima jiko, akachechemea akiwagongea majirani madirishani kwamba leo si majaribio. Walimpungia mkono, wakamwonyesha saa ya ukutani, wakaendelea kula.

Alifika kanisani, akausukuma mlango kwa bega. Haukufunguka. Akapiga ngumi, akamtukana Lamar kwa jina la babake, akalia kwa hasira. Upepo ulikuwa umeshaanza kung'oa mabati.

Hoyt alisogea benchini, akapangusa nafasi kwa kiganja.

"Kaa, mke wangu," alisema. "Benchi hili wamelitengeneza refu."