Chechemea na Kikombe cha Chai

"Ufa huu," alisema Fundi Miguu, akiwa amelala chali chini ya gari lake mwenyewe, "ungetumaliza."

Hakuna aliyemsikia. Alipitisha kidole kwenye ekseli ya nyuma, ule mhimili wa magurudumu, kutu ikabanduka na kumwangukia usoni. Ufa ulikuwa upande wa kushoto, karibu kabisa na springi iliyovunjika miaka mitatu iliyopita. Aliona aibu.

Mtaa mzima ulimwita Fundi Miguu kwa sababu hakugusa injini wala umeme. Kazi yake ilikuwa chini: springi, shokapu, bushi, beringi, ekseli. Gari lililokuja kwake likirukaruka liliondoka limetulia. Lakini lake mwenyewe, gari la familia la viti saba lenye umri wa kupiga kura, lilitembea limeinamia kushoto, mpaka binti zake pacha wakalibatiza Chechemea. Kila siku aliahidi kulishughulikia kesho, na kila kesho ilikuja na gari la mteja.

Familia haikulalamika, ilizoea. Mkewe, Mama Pacha, aliwapanga watu kama anayepanga mzigo. Kaka wa Mama Pacha, ambaye kila mtu alimwita Tani Mbili na mwenyewe akaitika bila kinyongo, alikaa nyuma kulia. Pacha walibanana kulia pia. Kiti cha nyuma kushoto hakikukaliwa na mtu. Gari likikaribia tuta au shimo, Mama Pacha alisema, "Haya!", na wote wakaegemea kulia ili ile springi mbovu isigonge. Wageni waliopewa lifti walidhani ni sala ya nyumba ile.

Kisha, wiki saba zilizopita, mama mkwe wake Fundi aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Siku ile wakimpeleka hospitali, kuegemea hakukusaidia kitu. Kila shimo njiani lilimtoa mama wa watu mguno, na kila mguno ulimwingia Fundi Miguu mpaka kwenye mifupa. Mama huyo alikuwa ameishi nao miaka kumi na mmoja, akimtania mkwewe tangu asubuhi mpaka saa ya kulala. Sasa nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba Fundi alisikia bomba la jikoni likidondosha maji. Alimkumbuka mama yule kuliko alivyotegemea.

Hospitali ilisema Jumamosi angeruhusiwa kutoka, mradi asitikiswe njiani. Mwanawe mkubwa alikuwa amekwisha kumwandalia chumba, na gari lake jipya lilipita juu ya mashimo kama halijayaona. Fundi alipokwenda kumwomba mama mkwe arudi kwao, mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwekea sharti.

"Baba Pacha, nakupenda, unajua. Lakini nyonga hii ni mpya kuliko gari lako. Jumamosi nitapakata kikombe changu cha bati, kimejaa chai pomoni. Tukifika njia panda haijamwagika, kata kulia, nakuja kwenu. Ikimwagika, kata kushoto, unipeleke kwa mwanangu mkubwa. Na huko ndiko nitakakokaa."

"Sawa, Mama," alisema Fundi.

Wateja wakaambiwa wasubiri, naye akaingia chini ya Chechemea, ndipo akauona ule ufa. Alipata ekseli nzima kwenye gari la aina ileile lililokuwa limekufa injini. Akafunga springi mpya, shokapu zote nne, bushi zote. Ijumaa mchana alishusha jeki, akarudi nyuma hatua kumi kuangalia. Chechemea alikuwa amesimama wima, mrefu kuliko walivyomkumbuka.

Hakuridhika. Alijaza mchanga kwenye mifuko, akaipima kwa uzito wa kila mtu wa nyumba yake na kuiketisha mahali pake. Tani Mbili peke yake alikula mifuko mitano. Kiti cha mbele aliweka bakuli la maji, lililojaa mpaka ukingoni. Akapita kwenye tuta baya kuliko yote, lile lililo karibu na njia panda. Maji yalicheza kidogo, yakatulia. Akarudia mara nne, halafu akaenda nyumbani akiimba, na Fundi Miguu si mtu wa kuimba.

Jumamosi asubuhi mama mkwe alitoka wodini na fimbo yake, hatua moja moja. Alisimama mbele ya gari akalikagua kutoka taa hadi taa.

"Umenyooka, mwenzangu," aliliambia. "Naona na wewe walikulaza."

Wakamketisha mbele, kiti kimesukumwa nyuma ili anyooshe mguu. Mama Pacha akamimina chai kutoka kwenye chupa mpaka ikavimba juu ya ukingo wa kikombe. Kisha akaingia nyuma, na kila mtu akakaa alipozoea kukaa.

Safari ilianza. Walivuka mtaro. Walipita pale lami ilipomenyeka, na kile kikombe kilikaa juu ya mapaja ya mama mkwe kana kwamba kimegandishwa. Fundi alikitazama kwa jicho moja na barabara kwa jicho la pili.

"Shemeji, hili ni gari letu kweli?" aliuliza Tani Mbili.

"Nyamaza," dada yake alimwambia. "Unavyohema utamwaga chai."

Mama mkwe aliuma midomo asicheke. Likabaki tuta moja, lile lile la njia panda. Fundi alipunguza mwendo mpaka gari likawa linatambaa. Tairi za mbele zikaanza kupanda, taratibu.

"Haya!" alisema Mama Pacha.

Hakukusudia. Mdomo ulijisemea wenyewe. Tani Mbili akaenda kulia na uzito wake wote, pacha wakamwangukia, Mama Pacha akawafuata, na Fundi mwenyewe, aliyefunga kila nati ya gari lile kwa mikono yake, akaegemea pia. Upande wa kulia ukazama, ukainuka. Chai iliruka, ikatua kwenye sketi ya mama mkwe.

Fundi alisimamisha gari pembeni. Mchanga ulikaa kimya, aliwaza. Mchanga hauna mazoea. Alitaka kulia machozi kama mtoto. Akawasha taa ya kukata kushoto.

Mama mkwe alilitazama doa. Akageuka polepole kutazama nyuma, ambako watu wanne walikuwa bado wamelalia kulia, hakuna aliyethubutu kuinuka. Mabega yake yakaanza kutikisika. Akainua kikombe, akainywa ile chai iliyobaki bila haraka, mpaka chini, akajipangusa midomo. Kisha akachukua mkoba wake na kuuweka juu ya doa.

"Chai imekwisha," alisema. "Nimeinywa. Kuna aliyeona ikimwagika?"

"Hakuna, Mama," alijibu Tani Mbili upesi.

"Lakini Bibi, mbona—" alianza pacha mmoja, na mwenzake akamziba mdomo.

"Basi unangoja nini, Baba Pacha? Au wiki saba tu umesahau njia ya kwenu?"

Fundi akabadilisha taa. Chechemea akaingia njia panda, akakata kulia kwenye barabara iliyokuwa laini kama meza, isiyo na shimo wala tuta. Safari hii Mama Pacha hakusema neno. Hata hivyo wote waliegemea, na mama mkwe pamoja nao, taratibu, mkono mmoja juu ya nyonga yake mpya na kikombe kitupu kikiinama naye.